Nusu Bei Barazani kwa Romanus

Kitambaa hakikufika. Kandida alikitandaza upya juu ya meza, akakilainisha kwa kiganja kutoka katikati hadi pembeni, akarudisha juu yake karatasi ya kukatia sketi, na bado ukingo wa karatasi ukaning'inia nje kama ulimi. Akakigeuza upande wa pili. Akakilaza mshazari. Akaikunja karatasi, akaikunjua, akaiweka tena, mpaka mteja aliyekuwa anasubiri kubadilishiwa zipu akamwuliza kama anaumwa.

Haumwi. Alikuwa na furushi la tetroni ya samawati la kwaya ya akina mama wa kijiji cha Akheri, magauni ya kuimbia Krismasi, na sasa hivi tu alikuwa amegundua kwamba kitambaa kile kilikuwa chembamba. Si chembamba cha kuonyesha mwili, la. Chembamba cha upana. Yadi zilikuwa kamili, kila mwimbaji na zake, kama alivyowaelekeza yeye mwenyewe kwa mdomo wake, kwa hesabu ya mwaka jana. Ila kitambaa cha mwaka jana kilikuwa cha upana mkubwa, na hiki kilipungua zaidi ya shubiri nzima. Kikiwa kwenye jora, kimekunjwa katikati na kuzungushwa, nani angejua?

Juu ya kichwa chake, kutoka nguzo hadi nguzo ya baraza, lilitundikwa shuka lililoandikwa kwa rangi nyekundu: PUNGUZO LA SIKUKUU. NUSU BEI. Upepo ulipovuma, kivuli cha maneno yale kilipita juu ya meza yake ya kukatia, kikaenda na kurudi.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya ruksa, biashara imefunguliwa na Arusha imejaa vitu ghafla. Watu walewale waliopanga foleni ya kanga za mgawo, wakapewa rangi wasiyoitaka na bado wakashukuru, sasa walikuta majora yamepangwa hadi darini. Mtu aliyelelewa na uhaba hajui kukagua; anajua kuwahi. Akiona duka limejaa anadhani shida zimekwisha, na akisikia neno punguzo anaanza kufungua pindo la kanga kabla hajavuka barabara. Neno lenyewe lilikuwa geni. Wengi walidhani ni zawadi, kwamba mwenye duka kaguswa na Krismasi.

Mwenye duka, Romanus, alikuwa mtu wa kwao Kandida, wote wazaliwa wa Kibosho, wamebatizwa katika kanisa moja. Duka lake lilikuwa mtaa wa nyuma ya Soko Kuu, na tangu siku alipolifungua alimpa Kandida baraza bila kodi. Kandida naye alilipa kwa njia yake: kila aliyemwuliza kitambaa kizuri kinapatikana wapi, alimnyooshea kidole mlango uliokuwa nyuma ya mgongo wake. Na kila mwaka, tarehe ishirini na tatu Desemba, Romanus alifunga duka, akajaza pikapu sukari, sabuni na mablanketi, akamketisha Kandida kiti cha mbele, wakapanda nyumbani kama wanavyopanda Wachaga wote, mji ukabaki mtupu nyuma yao. Mama yake Kandida huwa anasubiri kando ya barabara, amekalia gogo, kajifunga kitambaa kipya kichwani. Kwa bibi yule mwaka mzima ulikuwa na siku moja tu.

Sasa, fundi cherehani ni mtu wa kusemwa. Mpelekee yadi tatu, atashona mbili, na ile ya tatu utakutana nayo Pasaka ikiwa blauzi ya mtoto wake. Ndivyo watu wanavyosema, na mara nyingi hawamsingizii. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Kandida alikuwa amepigana na harufu hiyo tangu alipotoka kwa masista waliomfundisha kushona, na dawa yake ilikuwa moja tu: kila kipande kilichobaki baada ya kukata, hata kile kisichofunika kidole, alikiokota, akavikusanya vyote, akavifunga kwa ukanda wa kitambaa hichohicho na kumkabidhi mteja pamoja na nguo yake. Wanawake walivitumia kutilia viraka na kushonea watoto wanasesere. Wa Akheri waliyapenda magauni yao ya mwaka jana, ndiyo, lakini kilichosimuliwa ibadani na sokoni kilikuwa kile kifurushi. Fundi anarudisha vipande. Kwa sifa hiyo alikula, alivaa, alilipia chumba chake cha Kaloleni.

Mwaka huu kifurushi kingetoka wapi?

Alikusanya kitambaa, akaingia dukani. Romanus alikuwa amesimama kwenye kaunta, fimbo ya yadi mkononi, anapimia watu wawili kwa mpigo na kuwatania wote wawili. Alisubiri wakatoka, kisha akamsikiliza Kandida hadi mwisho. Hakukana. Kitu kimoja cha kumsifu Romanus ni hicho, hakuwa mtu wa kuapa uongo.

"Mimi nimeandika bei," alisema. "Upana sikuandika. Mteja ana macho."

"Hawajui kama kuna upana mwingine."

"Wewe unajua. Na yadi uliwapa wewe."

Ilikuwa kweli. Kandida alimkumbusha jambo ambalo fundi yeyote alilifahamu: kitambaa cha upana mdogo, siku zote, huuzwa kama nusu ya kile kipana, na mnadani Kikatiti kinapatikana hata chini ya hapo. Hiyo nusu bei ilikuwa nusu ya nini, basi? Romanus akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Akamwonyesha mlangoni, ng'ambo ya barabara, ambako mitumba ilikuwa imemwagwa chini juu ya maturubai na watu wameinama juu yake kama kuku. Majora haya, alisema, aliyachukua Namanga kwa mkopo, na mwenye mali hasherehekei Krismasi. Wote mtaani wametundika mashuka. Asiyetundika atakaa anahesabu nzi.

Kisha akalegeza sauti, akamwita mae, kama wanavyoitana nyumbani. "Washonee sketi nyembamba, mae. Mafundi mnasemwa kila siku. Ukisemwa mara moja zaidi hutakufa." Akaongeza kwamba mwaka huu, siku hiyo ya tarehe ishirini na tatu, wataondoka asubuhi mapema, kiti chake cha mbele kipo, na asisahau blanketi la mama.

Kandida alirudi barazani, akaketi, miguu ikaanza kukanyaga cherehani isiyo na uzi. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yake siku zile. Gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, haishoni kitu. Alikwenda sokoni kununua kiberiti akarudi na kiberiti, akakuta vingine viwili mkobani. Alishika mkasi akauweka. Alifanya kazi za watu wengine zote kwa haraka isiyo ya kawaida, zipu, mapindo, suruali za kupunguza, ili tu lile furushi la samawati libaki chini ya meza bila kuguswa, na kila alipolisahau mguu wake uligonga.

Wanawake wale walitaka sketi za solo, zile pana chini, zinazofunguka mwimbaji anapoyumba kushoto na kulia. Mwaka jana waliiga kwaya ya Usa River, na sasa hawakutaka mshono mwingine. Walikuwa wameuza ndizi na maziwa miezi mingi kwa ajili ya sketi hizo, na mwenyekiti wao, Mama Aikaeli, alikuwa ameziagiza kwa mikono yote miwili, akichora duara hewani. Kwa kitambaa hiki solo haitoki. Akiwashonea sketi za kubana, watasema kawaibia. Akisema ukweli, basi baraza limekwenda, na kiti cha mbele kimekwenda, na kule mlimani kuna gogo na mama mzee juu yake. Kandida aliogopa. Tusimpambe, aliogopa, na kwa siku kadhaa woga ulishinda.

Hatimaye alikata gauni moja tu, la Mama Aikaeli, la mfano. Alilikata kwa kubana, akalishona vizuri sana, vizuri kupita kiasi, kama mtu anayepamba kaburi.

Mama Aikaeli alikuja kulijaribu pamoja na Susana, mwimbaji wa sauti ya kwanza, mwanamke mwenye mwili wake na kicheko chake. Walikuwa wamebeba mkungu wa ndizi. Wameuleta kutoka Akheri kwa ajili ya fundi, zawadi ya sikukuu, wakauegemeza kwenye mguu wa cherehani. Kandida aliinuka, akawapa mkono na kuinama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo tutacheza hapahapa barazani," Mama Aikaeli alisema, akaingia nyuma ya pazia dukani na gauni lake.

Alipotoka alikuwa anatabasamu, kwa sababu mabega yalimkaa na shingo ilimkaa. Alisimama katikati ya baraza, mbele ya wateja waliokuwa wanatoka na kuingia, akainua mikono na kupiga hatua ya kwaya: kushoto, kulia. Sketi ikamshika magoti. Akajaribu tena, taratibu, kama anayedhani kosa ni la miguu yake. Tabasamu likaondoka lenyewe.

"Fundi, solo yetu iko wapi?"

Kandida alisema kitambaa hakikutosha. Alilisema chinichini, akiwa ameangalia ndizi.

Mama Aikaeli hakupandisha sauti. Aliulizia kifurushi. Kandida akampa, maana alikuwa amekifunga hata hivyo, mkono haukujua kufanya vinginevyo. Mama Aikaeli alifungua ule ukanda, akanyoosha kiganja ili Susana naye aone. Zilikuwemo nyuzi, na vipande viwili vitatu vya kwenye kwapa, basi. Susana, ambaye hakuwa na kicheko tena, alisema walidhani huyu ni tofauti. Watu waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo. Hakuna kinachosimamisha watu mjini kama fundi aliyekamatwa.

Romanus alikuwa amesimama mlangoni, futi imemzunguka shingo. Pengine angenyamaza tu mambo yangekwenda yalivyokuwa yanakwenda. Lakini alikuwa mfanyabiashara, na wateja walikuwa wanatazama.

"Ndio mafundi hao, mama," alisema kwa upole. "Mtu utawalinda mpaka lini?"

Kandida alimtazama. Aliona hata anavyosikitika, na kwamba masikitiko yale hayatamzuia kulisema tena kesho kwa mteja mwingine. 

Alimpita mlangoni bila kumgusa. Alichukua kiti, akapanda, akashusha jora la mwisho la kitambaa kipana lililokuwa limebaki juu kabisa karibu na dari, vumbi na yote, kisha akabeba lile la samawati kutoka kaunta. Alitoka nayo barazani, akayakunjua yote mawili sakafuni, moja juu ya jingine, akayavuta ukingo kwa ukingo. Lile la juu liliishia mahali. La chini likaendelea.

"Hiki ni cha mwaka jana," alisema. "Hiki ndicho mlichouziwa. Hakijapunguzwa bei, bei yake ndiyo hiyohiyo siku zote. Kilichopunguzwa ni kitambaa."

Mwanamke mmoja aliyekuwa ametoka kununua akapasua karatasi ya kifurushi chake palepale ngazini, akakitandaza kitambaa juu ya lile jora pana. Mwingine naye akafungua. Wakaanza kuingia dukani kwa mkupuo, na kwenye ukuta nyuma ya kaunta kibao kilikuwa kinawasubiri, kimeandikwa zamani, mali ikishauzwa hairudishwi. Walikisoma kwa sauti, wakauliza ni nani aliyekiandika, wakamwuliza Romanus kama yeye ni Mkristo. Hawakupata kitu. Walitoka mmojammoja, vitambaa vyao vimekunjwa ovyo kwapani, wengine wanalaumu duka, wengine wanajilaumu wenyewe.

Kandida alikuwa ametegemea nini? Labda kwamba ukweli ukitandazwa chini watu watauona na kumsogelea. Mama Aikaeli alikuwa bado amevaa gauni la kubana. Aliitazama ile tofauti ya vitambaa kwa muda mrefu, kisha akamtazama fundi.

"Na wewe ulikuwa umekaa hapahapa."

"Ndiyo, mama."

"Ukatuambia yadi. Ukatuonyesha mlango."

"Ndiyo, mama."

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alitamani kueleza kwamba hakujua siku ile, amejua baadaye, lakini akakumbuka zile siku zote za baadaye, furushi likimgonga mguu.

Romanus alimaliza na mteja wa mwisho, akatoka, akakunja majora yake mwenyewe. "Sogeza cherehani, dada," alisema. Hakuwa amekasirika, au alikuwa amekasirika kupita mahali pa kelele. Hakumwita mae. Kandida alifungua skrubu za kichwa cha cherehani, akakivika gunia. Alipoinama kuchukua mkoba wake, Romanus alisimama karibu, akiangalia barabarani.

"Mzigo wa mama uko wapi?"

Kandida akasita. Blanketi lilikuwa mkobani, jekundu, bado kwenye nailoni yake. Akalitoa, akampa. Romanus akalipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa, akaingia nalo ndani. Hakuna mtu wa Kibosho anayekataa mzigo wa mama wa mwenzake, hata kama mwenzake kamfukuzia wateja, au yeye kamfukuza mwenzake barazani. Hayo yana siku yake.

Mama Aikaeli alikuwa amevua gauni na kulifunga pamoja na lile furushi. Alisema magauni hayabaki mjini. Kama fundi ni mkweli, atakwenda kushonea Akheri, wakimtazama. Alilisema kama hukumu, na Kandida alilisikia hivyo, na bado akalishika kama mtu anavyoshika kamba. Susana aliinua meza ya cherehani kichwani. Ule mkungu wa ndizi ulirudi Akheri kwa gari lilelile lililouleta.

Walimweka kwenye uwanja wa Mama Aikaeli, kati ya nyumba na migomba, na waimbaji wakaketi kumzunguka juu ya mabenchi ya kanisa. Waliacha kazi zao kwa zamu ili asikose wa kumtazama. Kandida aliwaambia njia ni moja: magauni meupe ya mwaka jana yana solo pana, yanaweza kugawana na haya mapya. Atatoa kwenye sketi za zamani vipande vilivyochongwa kama kabari ya shoka, avipachike kwenye hizi mpya, nyeupe ndani ya samawati. Za zamani zitabaki nyembamba. Wakatazamana. Kumpa fundi kitambaa kimoja ilikuwa imewatosha. Huyu anataka na cha pili. Walikaa hivyo mpaka Mama Aikaeli alipoingia ndani, akatoka na gauni lake jeupe la mwaka jana, lililopigwa pasi, akaliweka mezani. Akaketi kwenye benchi la mbele, mikono kifuani.

Kandida alikata. Kila kipande kilichoanguka kilikuwa na mkono wa kukiokota kabla hakijagusa majani, na mikono ile ilikidondosha ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Alishona mchana kutwa, kesho yake pia, na siku iliyofuata, mgongo unamuuma, hakuna aliyemwimbia wala kumtania. Walimlisha vizuri. Walimpa maziwa. Macho yao hayakutoka mikononi mwake, na mara nyingine aliona hata yeye anaitazama mikono yake, kama ya mtu mwingine, akisubiri ifanye jambo.

Siku ya tarehe ishirini na tatu barabara ya Moshi ilianza kunguruma asubuhi. Kule chini magari ya wanaokwenda nyumbani yalipita yakipiga honi, yamefungwa magodoro juu, na kila honi miguu ya Kandida ilipoteza mwendo juu ya pedali. Hakujua ipi ilikuwa ya Romanus. Alijua tu kwamba katika mojawapo ya zile pikapu kuna blanketi jekundu limekaa kiti cha mbele, na kwamba baadaye mtu atashuka nalo mbele ya gogo, na bibi mmoja atachungulia nyuma ya gari, aone kama kuna mwingine anayeshuka.

Mengine yalikuwa yamebakiza kupachikwa vipande vyeupe tu; gauni la Mama Aikaeli lilikuwa la kwanza kukamilika. Alilivaa, akasimama uwanjani mbele ya wenzake, akayumba kushoto, akayumba kulia. Sketi ikafunguka. Ile nyeupe ikaonekana, akatulia, ikajificha. Akayumba tena. Susana akatoa sauti ya kwanza ya wimbo, bila kuambiwa, wengine wakaipokea, wakasimama na kuanza kupanga mistari pale kati ya migomba na kuelekea kanisani, na benchi la mbele likabaki halina mtu wa kumtazama fundi.

Kandida alivuta lile kopo. Alivitoa vipande vyote, vyeupe na samawati, vichache, akavikusanya na kuvifunga kwa ukanda kama alivyozoea. Akakiweka kifurushi kwenye benchi, mahali Mama Aikaeli alipokuwa amekaa, akarudi kwenye cherehani kumalizia gauni linalofuata. Waimbaji walipita wakienda, walipita wakirudi, sketi moja tu miongoni mwao inafunguka na kufunga. Jua lilikuwa limeteremka kwenye bega la Meru. Kifurushi kilikuwa palepale, hakuna aliyekigusa, na yeye hakujua kama wamekisahau au wamemwachia kwa kumwamini tena.